Daftari la Binti

Mwezi huu natamani tuseme habari za wanawake na vitabu.

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utenzi wake yapata mwaka 1858, naye hali yu mgonjwa. Hakumtungia mpiga chapa. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Watu wakaunakili kwa mkono, wanawake wakauhifadhi moyoni, hata mwaka 1934 ukatolewa kuwa kitabu huko Uingereza. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zamani.

Waliofuata hawakungoja hivyo. Penina Muhando alitoa mchezo wake, Hatia, mwaka 1972. Ndyanao Balisidya akatoa riwaya ya Shida mwaka 1975. Lakini hao wote wawili walikuwa wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye Elieshi Lema na Demere Kitunga wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya kutoa vitabu, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko kitabu kimoja.

Ila karatasi hupotea mapema, tena nyumbani. Hapa Sekei nimeona daftari la binti, lenye hadithi ndani yake, likiwashia moto jikoni, na la kaka yake limefungiwa sandukuni. Basi, mwalimu, ukisoma hadithi njema ya msichana, mwambie ainakili mara mbili: moja uipeleke kwa wachapaji, na ya pili mama yake aiweke pamoja na kanga zake.