Gari la Njia Mbaya na Maradhi Yetu ya Shangingi

Limezuka miongoni mwa wasomi na wafanyakazi wa mijini, hasa Arusha na Dar es Salaam, jambo ambalo miaka 20 iliyopita lingeonekana kuwa wazimu. Mtu mwenye kazi yake nzuri, Ijumaa jioni, anaiacha lami kwa hiari yake na kwenda kutafuta tope. Anakwenda Ziwa Natron kwa njia ya Engaruka, au anashuka kwenye mchanga wa mito mikavu ya Longido, na Jumapili usiku anarudi akiwa amechakaa na kufurahi. Sina ugomvi naye. Anayeiona nchi yake kwa gharama zake mwenyewe anastahili pongezi. Ninachotaka kukijadili ni mpangilio wa matumizi ya fedha zake, kwa kuwa ndani ya mpangilio huo naiona siasa yetu ikichungulia.

Mpangilio wenyewe huwa hivi. Kwanza hununuliwa gari kubwa kadiri mkopo wa mshahara unavyoruhusu. Kisha hunyanyuliwa ili aliyeketi ndani awatazame wengine kutoka juu. Kisha huja bampa la chuma, winchi, keria la paani na safu ya taa zinazoweza kuangaza uwanja wa mpira. Baada ya hapo fedha huwa zimekwisha. Breki ni zile zile zilizokuja na meli kutoka Japani, rejeta haijawahi kufunguliwa, mipira ya chini imepasuka, na dereva hajawahi kufundishwa hata siku moja namna ya kuvuka mto. Kila shilingi imekwenda mahali panapoonekana.

Wenyeji wa Lindi na Mtwara watanielewa upesi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu; na hata baada ya daraja, kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga, takriban kilomita 60, kiliendelea kwa miaka kadhaa kuwa mtihani mkubwa kila masika. Abiria walilala njiani, wakapika njiani, wakashuka kusukuma. Madereva wa njia ile hawakuwa na gari lililonyanyuliwa. Walikuwa na sepeto, panga, minyororo, magogo na maarifa. Dereva mzoefu hakuliingia dimbwi asilolijua. Alisimama, akashuka, akalitazama, akamtuma utingo alipite kwa miguu akiwa na fimbo, ndipo akachagua gia moja na kwenda nayo mpaka ng'ambo bila kuibadilisha. Ujuzi huo haukuandikwa popote wala hakuna chuo kilichoutolea cheti. Leo tunakilipia kama burudani kile ambacho wao walikiita adha, nalo si kosa. Lakini inashangaza kwamba tumenunua kila kitu isipokuwa maarifa yao.

Tumeyapata wapi mazoea haya ya kupima gari kwa kimo chake? Nadhani tumefundishwa na dola. Katika miaka ya baada ya uhuru, wananchi wa Afrika Mashariki waliwabatiza wakubwa wao jina la Wabenzi, kutokana na magari waliyopanda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kumiliki nyumba za kupangisha. Juu ya fahari ya gari analopewa na ofisi, masharti yale yalikaa kimya. Zama za Benzi zilipofifia likaja shangingi, neno ambalo kabla ya kupachikwa gari lilikuwa na maana nyingine nisiyopenda kuieleza mbele ya wasomaji wangu wenye heshima. Likawa gari la mkurugenzi, la katibu mkuu na la mradi wa wafadhili.

Hoja iliyolileta ilikuwa ubaya wa barabara za vijijini. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini simameni nje ya ukumbi wowote wa hoteli unaofanyikia warsha, Dodoma au Dar es Salaam, muyatazame magari hayo matairi yake. Mengi yanang'aa. Gari lililoombewa fedha kwa jina la kijiji kisichofikika hushinda kwenye maegesho, injini ikinguruma ili ubaridi usimpungukie bosi atakapotoka, na katika kijiji hicho hicho mama mjamzito hupelekwa hospitali kwa pikipiki. Kijana wetu aliyekua akiyaona haya amejifunza kwamba gari refu ni cheo. Anapopata mshahara wake wa kwanza wa maana, hanunui chombo cha kupitia njia mbaya. Ananunua sura ya mtu mwenye ruhusa ya kupita njia yoyote.

Tulipata kulipima jambo hili kitaifa mwaka 2011, barabara ya kwenda kijijini Samunge, Loliondo, ilipofurika watu waliokifuata kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari ya kila namna yalikwenda, mabasi, Hiace na mashangingi, yakapanga foleni moja ya kilomita nyingi. Ukubwa wa gari haukumfikisha mtu kwenye kikombe kabla ya zamu yake.

Basi anayenunua kwa ajili ya njia, na si kwa ajili ya maegesho, na aanzie chini ya gari. Alale chali atazame chesesi. Magari mengi yaliyotumika Japani hutoka mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, nayo chumvi hula chuma kimyakimya. Rangi nyeusi iliyopakwa upya kule chini isimridhishe. Iwe sababu ya kugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kisha aulize kama gari lina gia ndogo ya ziada, ile inayoligeuza liwe kama trekta, likapanda jiwe polepole bila kunguruma. RAV4 na jamaa zake ni magari mazuri kwa changarawe na kwa ada za shule, lakini gia hiyo hayana, na ubishi wa muuzaji hautaiumba.

Kuhusu aina, nina upendeleo wangu na sitauficha. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo watu wetu huiita mkonga, ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na ingali inatengenezwa. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2, isiyo na tabo, haina haraka na haina mbwembwe, ila hakuna mji wenye gereji ambako fundi ataishangaa. Tatizo lake ni bei, maana mashirika yote yanaitaka. Ile ya mfululizo wa 80, ya miaka ya 1990, ina ekseli nzima mbele na nyuma pamoja na springi za mviringo, na kwa maoni yangu haijapata mrithi wa kweli kwa mtu anayetaka kulala safarini na kupanda miamba kwa gari lile lile. Prado zilizokuja tangu mwaka 1996 ni laini zaidi barabarani, lakini magurudumu yake ya mbele hayawezi kupanda na kushuka kwa kiasi hicho. Halafu kuna Suzuki Jimny, ambayo wenye mashangingi huicheka. Ina uzito wa tani moja na ushei tu. Mahali ambapo gari la tani mbili na nusu linazama, yenyewe hupita, na ikikwama watu wanne huitoa kwa mikono.

Kodi nayo izingatiwe mapema. Kwetu Tanzania gari kuukuu hutozwa nyongeza kwa ajili ya umri wake, na injini kubwa hulipiwa ushuru mkubwa zaidi. Kenya haipokei kabisa gari la mtumba lililozidi miaka 8, hivyo Mkenya anayeitamani hiyo 80 hana budi kuinunua kwa mwenzake aliyekwisha kuwa nayo. Ushauri wangu ni kwamba bei ya gari, kodi ikiwamo, isizidi theluthi mbili ya fedha ulizonazo. Theluthi iliyobaki ni ya kulirudishia gari afya yake: breki, beringi, mipira, rejeta, mafuta ya difu. Marekebisho haya hayana picha ya kuwarushia marafiki, nayo ndiyo yanayokurudisha nyumbani.

Yakikamilika hayo, tunaweza kuzungumzia uboreshaji. La kwanza ni matairi mazuri yenye kashata na kuta imara, na pamoja nayo hatua isiyogharimu karibu kitu: kupunguza upepo. Tairi lililojazwa 35 kwa ajili ya lami, likishushwa hadi karibu 20 kwenye mchanga, hurefusha wayo wake na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Sehemu kubwa ya mikwamo ninayosimuliwa ingeishia hapo. Ila lazima uwe na kipimo na pampu, kwa sababu tairi laini likikimbizwa kwenye lami hupata joto na kupasuka. La pili ni vyombo vya kujinasulia: sepeto, mbao au mabati ya mchanga, kamba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ndoano zilizofungwa kwenye chesesi kwa bolti za uhakika. Nasisitiza ndoano. Ile bonge ya kuvutia trela haikuumbwa kwa ajili ya kunasua gari. Ikikatika huruka pamoja na kamba kama risasi, na imekwisha kuua watu. Mnapovuta, tupieni blanketi au koti zito juu ya kamba na kila mtu asogee mbali. Utamaduni wetu wa kuizunguka kamba huku kila mmoja akitoa amri ni hatari tupu.

Kunyanyua gari nimekuweka nyuma kwa makusudi. Sentimita tano zinawatosha wengi. Kila unapolipandisha, unapandisha pia kitovu cha uzito wake, na gari lenye hema, madumu ya mafuta na tairi la akiba paani, likipita ubavuni mwa kilima, huhitaji shimo dogo tu kupinduka. Matairi makubwa zaidi huzielemea breki na kuidanganya spidomita: inaonyesha 80 nawe uko juu ya hapo. Mkonga wa kuvutia hewa nao unaeleweka vibaya. Unaiokoa injini isinywe maji, lakini haulifanyi gari kuwa mtumbwi. Difu yenye joto ikitumbukia ghafla kwenye mto wa baridi huvuta maji ndani kupitia sili zake, kama mpira wake wa kupumulia haujapandishwa juu. Winchi iwe ya mwisho kabisa. Kwa sehemu ndogo ya bei yake unaweza kumlipa dereva mkongwe wa watalii wa Arusha akae nawe siku mbili kwenye korongo, akufundishe pa kukanyaga na pa kuacha.

Kuna upande mwingine ambao katika mazungumzo ya magari haya hausemwi. Njia tunayoiita mbaya ni barabara ya mtu. Ardhi ya kuelekea Natron, chini ya Oldoinyo Lengai, ni ya majivu ya volkano. Mlima huo ulitoa majivu mengi mara ya mwisho mwaka 2007 na 2008. Udongo wake ni mwepesi, na gari likipita nje ya njia baada ya mvua huacha mfereji ambao mvua inayofuata huugeuza kuwa korongo. Dereva anayekwepa matuta hufungua njia ya pili pembeni, mwenzake ya tatu, hatimaye malisho ya Mmaasai yamekatwa vipande kwa ajili ya burudani ya Jumamosi. Ndani ya hifadhi za taifa kuacha njia ni kosa. Nje ya hifadhi hakuna askari, kuna mchungaji wa miaka kumi na ng'ombe wake, na huyo hana kitabu cha faini. Mageti ya halmashauri yanayotoza wageni katika njia hiyo hulalamikiwa sana na wasafiri. Mimi ningelalamikia jambo jingine: kwamba hatuulizi ni kiasi gani cha makusanyo hayo hurudi kwenye barabara yenyewe.

Wenzetu wa Kenya walilifikiria hili mapema. Mashindano yao ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, huwapa washindani saa 10 za kufikia vituo 13 porini, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia zaidi. Washiriki huchangisha fedha kwanza ndipo waingie, na fedha hizo zilisaidia kujenga uzio wa takriban kilomita 400 kuizunguka misitu ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Unaweza kuwa na maswali juu ya uzio na wanaoishi pembeni yake, nami ninayo, lakini walau pale tope lina hesabu inayotolewa hadharani.

Kwa wanaonitaka jibu la moja kwa moja: mwenye mshahara wa kati na familia ndogo achukue Jimny iliyotunzwa, aiwekee matairi, pampu, kamba na sepeto. Mwenye watoto watatu na subira atafute 80 ya dizeli yenye chesesi safi, hata kama kiti kimechanika. Mvua kubwa ikinyesha Engaruka asubiri siku mbili tatu njia ikauke, kwa kuwa gari la wagonjwa litakalopita nyuma yake halina chaguo la kusubiri. Rangi achague mwenyewe.