Feni ya Dari si Kazi Ndogo

Ndugu wafanyakazi, mwajiri akisema, "Futa feni," huona ni kazi ndogo. Sisi wa majumbani twajua: ni kupanda kiti juu ya meza, shingo imepinda, vumbi machoni, na mtu akiwasha swichi, mapanga yazunguka.

Twadai mambo matatu: swichi kuu izimwe kwanza, ngazi imara yenye mtu wa kuishika, na foronya kuukuu ya kuvisha kila panga ili vumbi libaki ndani. Hayo hayamfilisi mtu.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unatambua haki yetu ya kufanya kazi mahali salama. Nyumba ya mwajiri nayo ni mahali pa kazi. Umoja ni nguvu!