Mbwa wa Kituo Shambani Kwako: Huyu Mgeni Usimpe Jembe



Leo naweka mahindi na nyanya pembeni kidogo. Kuna swali naulizwa sana na wenye mashamba karibu na miji: "Afisa, kuna kituo cha kuhifadhi mbwa na paka kinatafuta watu wa kumlea mnyama nyumbani kwa wiki nne au sita, mpaka apate mtu wa kumchukua moja kwa moja. Na mimi nichukue?"

Jibu langu ni: chukua. Ila nikiwauliza kwa nini mnataka, wengi mnanijibu kitu kimoja: "Atanisaidia ulinzi usiku." Hapo ndipo tunapoachana.

Kwanza tuelewane kituo kinatafuta nini. Mabanda yao yanajaa. Kuna watoto wa mbwa ambao hawajafikia umri wa kumaliza chanjo, na wakikaa kwenye msongamano wanaugua haraka. Kuna mama anayenyonyesha, kuna aliyetoka kufungwa kizazi na anahitaji utulivu, kuna mwingine kelele tu za kituo zinamfanya asile. Ukimpokea mmoja, unakuwa umefungua nafasi ya mwingine aliyeko barabarani.

Na kiukweli mkulima wa biashara anaifaa kazi hii kuliko wengi wa mjini. Una uzio. Una kibanda kilichobaki wazi baada ya kuuza kuku. Umeshazoea kulisha kwa saa, kuangalia kinyesi kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa turudi kwenye ulinzi. Najua methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa huyu mgeni, nasema usimpe. Mbwa aliyetoka kwenye shida, ukimfunga mnyororo getini ukitegemea awe mkali, utapata mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto na vibarua. Kituo kinataka mbwa anayeweza kuishi na familia, wewe unamrudishia aliyeharibika, na hapo nani atamchukua? Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Chakula, maji, malazi na matibabu ni haki ya mnyama aliye mikononi mwako, hata kama ni wa wiki nne. Kama shida yako ni wezi, tafuta mlinzi, au chukua mbwa wa kwako umlee tangu mdogo.

Jambo la pili ni mifugo yako, na hapa naomba tusome taratibu maana hela iko hapa.

Kichaa cha mbwa. Usipokee mbwa bila kadi ya chanjo. Mtoto wa mbwa kwa kawaida huchanjwa akifika miezi 3, kwa hiyo aliye chini ya hapo lazima ajulikane ametoka wapi. Wapo wanaosema, "Nitamtenga siku 14 nione." Kutenga siku 14 ni kuzuri kwa magonjwa mengine, lakini virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla dalili hazijaonekana. Mtu aking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Ng'ombe kutupa mimba. Kuna kijidudu kinaitwa neospora. Mbwa anakipata akila kondo la nyuma au ndama aliyetupwa, kinatoka kwenye kinyesi chake, kinaingia kwenye malisho, na ng'ombe mwenye mimba anaitupa. Kwa hiyo fukia kondo mara moja, na mbwa asilale kwenye majani makavu wala kwenye hori. Paka naye ana cha kwake kinachoathiri mimba za mbuzi na kondoo, hivyo stoo ya pumba na majani ifunikwe.

Minyoo. Unapochinja, usimtupie maini wala mapafu mabichi. Vile vifuko vya maji unavyoviona kwenye ini la mbuzi vinabeba vichwa vya minyoo. Mbwa anavila, anatoa mayai, na mayai hayo yanarudi kwa mbuzi na hata kwa watu. Chemsha mpaka viive kabisa, au fukia. Na muulize daktari wa mifugo ratiba ya dawa ya minyoo.

Dawa za shambani. Hili liandikeni ukutani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake paka. Nyingi zina kemikali ambazo ng'ombe anazistahimili lakini paka zinamuua. Sumu ya panya nayo iondoe kabla mgeni hajafika, kwa sababu mbwa au paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye yuko hatarini.

Mtoto wa mbwa akianza kuharisha damu, usijaribu vidonge vya kuku. Mpigie daktari saa hiyo hiyo, na sakafu isafishwe kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji.

Utaniuliza, "Afisa, mambo yote haya, mimi nafaidika nini?" Hela hakuna, nisikudanganye. Ila angalia hiyo orodha tena: kutenga mgeni, kufukia kondo, kufunika chakula, kuficha sumu. Hayo ungepaswa kuyafanya hata bila mbwa. Wengi mnanunua ng'ombe mnadani leo na jioni analala na wenzake. Mgeni wa kituo anakulazimisha kujenga nidhamu ambayo siku moja itaokoa zizi zima.

Kabla ya kusaini, kubalianeni kwa maandishi nani analipa dawa, nani anapigiwa simu usiku, na tarehe ya kurudisha. Kila wiki mpime uzito, andika anakula nini, anaogopa nini, anafukuza kuku au anawaacha. Daftari hilo ndilo litakalomsaidia anayemchukua kuliko picha kumi nzuri.

Na wengine msichukue. Kama una mitamba inayokaribia kuzaa na uzio haujakamilika, subiri. Kama vifaranga vinaingia wiki hii, subiri. Kama nyumbani mama hataki, kamalizaneni kwanza. Kituo hakitakulaumu kwa kusema hapana, kitakulaumu kwa kumrudisha mnyama siku ya tatu.

Tarehe ya kurudisha ikifika, najua itauma, na watoto watalia. Ukitaka kubaki naye, baki naye kihalali, ujaze fomu, ulipie chanjo kila mwaka. Lakini kama ulisema ni wa muda, mpeleke. Pale kituoni kuna mwingine anayesubiri hicho kibanda chako.