Mchongaji Aliyedaiwa Kaburi
Na Rukia Shekue

Katika filamu Il peccato ya mwaka 2019, mwongozaji Mrusi Andrei Konchalovsky anamwonesha Michelangelo akidaiwa, akigombana na kuhangaikia jiwe moja kubwa la Carrara kuliko anavyomwonesha ameshika patasi. Wapo watakaoona huko ni kumshushia hadhi. Naona ndiko kumwelewa. Mchoraji akipenda makuu atahitaji ukuta na rangi. Mchongaji atahitaji mlima, maksai, wavuta kamba, na tajiri wa kulipa kabla hajaona kitu. Filamu ya Carol Reed ya 1965 ilimpeleka Charlton Heston, akiigiza Michelangelo, milimani akaoneshwa kazi yake mawinguni. Rahisi hivyo!

Kumbukumbu zinasema mengine. Mwaka 1505 Papa Julius II aliagiza kaburi la sanamu zipatazo 40. Alipofariki mwaka 1513, kiti kikachukuliwa na Leo X wa ukoo wa Medici, ambaye baadaye alimpa Michelangelo kazi ya kuuvika marumaru ukuta wa mbele wa kanisa la San Lorenzo, Florence, huku warithi wa Julius wakidai kaburi lao. Marumaru ilitakiwa itoke upande wa Pietrasanta, ambako hata barabara ya kuishusha ilibidi ichongwe kwanza. Mwaka 1518 mfanyakazi mmoja alivunjika shingo akafa wakati wa kuteremsha jiwe, na Michelangelo aliandika kwamba naye aliponea chupuchupu. Mwaka 1520 mkataba ukafutwa. Ukuta ule uko mtupu hadi leo.

Atakayesema filamu imemgeuza gwiji kuwa mfanyabiashara atazame tarehe: sanamu ya Musa na zile za watumwa wawili zilizopo Louvre zilichongwa katika miaka hiyohiyo ya kubanwa. Wala hakuwa mnyonge aliyeonewa na mapapa. Kazi ya San Lorenzo aliitamani, akaahidi kwamba Italia nzima ingejitazama humo. Kweli, jiwe lile limekuzwa kisinema, lakini uroho wa kupokea kazi mbili zisizobebeka haukubuniwa na Konchalovsky. Kaburi lilikamilika mwaka 1545, limepungua mno, tena Julius mwenyewe hakuzikwa humo. Miaka mitatu kabla, Michelangelo, mzee wa miaka 67, alikuwa bado anaandika barua kujitetea kwamba hakula fedha za Julius.