Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Kisima Kilichoachwa Wazi

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani jambo ambalo desturi ingalitaka lifikishwe ofisini kwako kwa faragha. Kwa faragha nililifikisha kwanza, kwa waraka na kwa mdomo, nikajibiwa kwamba shauri limepokewa na linafanyiwa kazi. Kisha, kabla sijapata jibu jingine, taarifa ya idara yako ikasomwa katika kikao cha Baraza la Madiwani, ikieleza kwamba kipindupindu kilichotuingilia wakati wa masika kiligunduliwa mapema na kudhibitiwa kwa wakati. Mimi ni miongoni mwa waliozika katika wakati huo unaosifiwa, na kama ningalinyamaza baada ya kuyasikia maneno yale yakisomwa na kupigiwa makofi, ukimya wangu ungalikuwa ushahidi wa uongo juu ya kaburi la umbu langu.

Kijiji chetu unakijua, na kisima unakijua, maana picha yako ukikitia klorini imo katika taarifa ileile. Unajua kwamba mabomba ya upande wa mashariki yamekauka tangu pampu ilipoharibika, kwamba mvua kubwa huteremsha maji ya vyoo vya mtaa wa juu mpaka kisimani, na kwamba kingo za kisima zimemeguka. Unajua pia kwamba muuguzi wa zahanati yetu alituma taarifa yake siku ya Jumatatu, kwa simu, kwa utaratibu uleule mliomfundisha, kabla ya adhuhuri ya siku aliyowaona wagonjwa watatu wa kwanza. Nisilojua kama unalijua ni kile alichokiandika katika daftari baada ya hapo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati, na daftari hilo nimelisoma. Ni daftari la MTUHA kama yalivyo mengine yote, lenye safu za jina, umri, makazi, maradhi na dawa. Jumatatu ile muuguzi ameandika kuhara na kutapika kwa watu watatu, mmoja wao mtu mzima aliyefika hawezi kusimama; Jumanne akaongeza watano; kisha kwa kalamu nyekundu akayafunga pamoja majina saba kati ya yale manane, na ukingoni mwa ukurasa akaandika: "Wote wanateka kisima cha mashariki. Wa nane alikula kwao." Mheshimiwa, huo ndio uchunguzi wa mlipuko. Nani ameugua, anakaa wapi, aliugua lini, na ni kitu gani wanachoshiriki wagonjwa ambacho wazima hawakishiriki: hayo ndiyo maswali yanayofundishwa vyuoni, na mwanamke mmoja mwenye kalamu mbili, asiye na hadubini wala msaidizi, alikuwa ameyajibu yote kabla ya magharibi ya siku ya pili. Lililobaki lilikuwa ni mwenye mamlaka kufika na kukifunga kisima.

Kisima hakikufungwa.

Mwenyekiti wa kijiji alipopiga simu kuomba ruhusa ya kukifunga, aliambiwa asubiri majibu ya maabara, asije akazua taharuki. Sampuli zilikwisha kuchukuliwa, lakini zilikaa wilayani zikingoja gari, na gari lilikuwa likingoja mafuta. Hata kama gari lingaliondoka siku ileile, maabara huhitaji siku mbili tatu kuvikuza vimelea na kuvitambua. Kwa hiyo jibu lisingalifika kabla ya mwisho wa wiki, na yeyote aliyeamuru kisima kingoje jibu hilo alijua, au alipaswa kujua, kwamba anawaamuru watu wa mashariki waendelee kunywa mpaka mwisho wa wiki.

Umbu langu alirejea kijijini Jumatano. Alikuwa Tanga kwa binti yake, akilea mjukuu kwa muda wa mwezi mzima, na maradhi haya humdhihirikia mtu baina ya saa chache na siku tano tangu kuyapokea. Ninalitaja jambo hili kwa kuwa nimeulizwa na afisa wako kama hakuyachukua kwingine, nami namjibu kwamba alikotoka hakuna aliyeugua, wala katika gari alilopanda, wala katika nyumba aliyolala. Alhamisi asubuhi aliteka maji kisimani, kwa kuwa hapakuwa na mtu, wala kamba, wala kibao cha kumkataza. Akanywa, akapikia, akatawadhia. Ijumaa baada ya magharibi alianza kuharisha. Ilipofika usiku wa manane macho yalikuwa yamezama na sauti imekauka, na ngozi ya mkono wake nilipoifinya ilibaki imesimama, haikurudi. Alfajiri ya Jumamosi, tukiwa njiani kuelekea kituo cha afya kwa pikipiki ya kukodi, kwa sababu dripu za zahanati zilikuwa zimekwisha, alifariki.

Ningaliweza kukuandikia kurasa nyingi juu ya dripu hizo, kwani kipindupindu ni maradhi ambayo mahali matibabu yanapopatikana mapema hawafi hata mmoja katika mia, ilhali wasiotibiwa huweza kufa nusu yao. Lakini sikubali shauri hili ligeuzwe kuwa shauri la dripu. Marehemu asingalihitaji dripu lau kisima kingalifungwa. Taarifa ilifika Jumatatu, naye alikunywa Alhamisi, na baina ya siku hizo mbili kisima kilikuwa wazi.

Utetezi wa kwanza niliousikia ni kwamba haifai kuchukua hatua pasipo yakini. Mjini London, mwaka 1854, maradhi haya yalipowavamia wakazi wa Soho, tabibu John Snow alikwenda akiuliza nyumba kwa nyumba waliokufa walikunywa maji ya wapi, akaona kwamba vifo vinaizunguka pampu ya Broad Street. Akawaendea wakuu wa parokia tarehe 7 Septemba, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Hapana aliyewaonyesha wakuu wale kimelea. Robert Koch, aliyekitambulisha kimelea hicho kwa ulimwengu, alifanya kazi yake Misri na India katika miaka ya 1883 na 1884, takriban miaka 30 baada ya hapo. Wakuu wa Soho walitosheka na shaka iliyojengwa juu ya maswali mazuri, wakapima hasara ya kuifunga pampu bure na hasara ya kuiacha wazi kwa makosa, wakaona kwamba hasara hizo hazilingani. Muuguzi wetu alikuletea shaka ya namna hiyohiyo, ikiwa imeandikwa na kupigiwa mstari mwekundu, nawe ukadai yakini.

Utetezi wa pili ni kwamba kufikia Alhamisi idadi ya wagonjwa wapya ilikwisha kuanza kushuka, na hivyo kukifunga kisima kusingaliongeza kitu. Snow naye alikiri waziwazi kwamba maradhi yalikuwa yakipungua pale mpini ulipoondolewa. Illa kasisi Henry Whitehead, aliyeuendeleza uchunguzi baadaye, alibaini kwamba chanzo cha mlipuko ule kilikuwa mtoto mchanga wa nyumba iliyo mkabala na pampu, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililovujia kisimani. Na baba wa mtoto huyo aliugua siku ileile mpini ulipoondolewa. Lau pampu ingaliachwa, uchafu wa baba ungalipita njia ileile uliyopita uchafu wa mtoto, na Soho ingalizika mara ya pili. Kupungua kwa wagonjwa, basi, si hoja ya kukiacha kisima wazi. Umbu langu aliugua katika kupungua huko.

Wala nisiambiwe kwamba hii ni elimu ya ugenini. Mwaka 1869, kipindupindu kilipoingia Unguja kikitokea bara kwa njia ya Pangani, James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani, hakutosheka kuhesabu maiti. Aliwauliza wafanyabiashara na wenye misafara walikopita na walikowakuta wagonjwa, akaifuata njia ya maradhi kinyumenyume mpaka nchi ya Wamasai na kwingineko kuelekea Bahari ya Shamu, na kitabu chake cha mwaka 1876 kingali kikisomwa na wanaoitafiti historia ya maradhi haya. Na karibu zaidi nasi, Julai 2022, watu walipoanza kuugua homa na kutokwa damu puani katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, wataalamu walifika, wakapima, wakaiondoa Ebola, wakaiondoa Marburg, wakaiondoa UVIKO-19, hata wakautangazia umma kwamba ni homa ya mgunda. Walikuwa wameugua watu 20 na kufariki watatu. Kwa hiyo ujuzi upo, na upo katika Jamhuri hiihii, katika wizara hiihii. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi yetu imezikubali, zaipa nchi nzima saa 48 za kulipima tukio la hatari na saa 24 za kuliarifu Shirika la Afya Duniani. Kutoka ofisini kwako mpaka kisimani petu ni safari isiyofika nusu siku hata katika matope ya masika, na siku tatu zilipita pasipo mtu kuifunga.

Yako mengine ambayo nayataja tu ili yasipotee. Skuli ilifungwa pasipo wazazi kuelezwa sababu. Wavuvi wetu walifukuzwa sokoni wiki nzima kwa samaki wasio na hatia. Maiti walizikwa na watu waliovaa mipira, ndugu wakizuiwa kuwaosha, na hapana aliyekuja kutufariji wala kutufafanulia. Na muuguzi yule, badala ya shukrani, ameandikiwa barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini alizungumza na wanakijiji juu ya kisima kabla ya kupewa idhini.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niitazame idara yako yote na si siku hizo tatu peke yake. Kwa miaka mingi tumefundishwa kutoa taarifa, nasi tumezitoa: za kuhara, za surua, za mbwa wenye kichaa, za watoto waliopooza miguu ghafla. Kila wiki taarifa hupanda kutoka zahanati kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda wizarani, na huko hugeuzwa kuwa michoro ya kuonyeshwa katika semina. Lakini ni nadra mno kitu kushuka. Ufuatiliaji wa maradhi uliowekwa kwa ajili ya kuwaokoa watu umekuwa kazi ya kuthibitisha kwamba fomu zimejazwa, mfano wa mlinzi wa usiku anayeandika kwa hati nzuri saa aliyoingia mwizi, kisha akaendelea kukaa kitako. Afisa anayechelewesha fomu huonywa. Anayechelewa kufika kwa wagonjwa hupigiwa makofi katika Baraza. Na mwananchi anayeona hali hiyo hujifunza upesi kwamba kusema hakuna faida, na siku moja mlipuko utatokea na hapatakuwa na taarifa yoyote, nanyi mtashangaa.

Kwa hiyo, kwa heshima na pasipo kumung'unya maneno, nadai mambo haya. Kwanza, taarifa iliyosomwa kwa madiwani isahihishwe, itajwe siku muuguzi alipotuma habari na siku kisima kilipofungwa, na baina ya tarehe hizo waorodheshwe, pasipo majina, wote waliougua na waliokufa. Pili, mwenyekiti wa kijiji na mkuu wa zahanati wapewe kwa maandishi mamlaka ya kukifunga chanzo chochote cha maji kwa shaka tupu, na Halmashauri ifungwe kwa amri hiyohiyo kuleta maji salama siku ileile, kwa gari la maji au kwa dawa ya kuyatibu maji nyumbani. Maana kumnyima mtu kisima bila kumpa maji ni kumrudisha kisimani usiku. Tatu, iwe ni faradhi kwa mtu wa idara yako kufika mahali penye taarifa ya kipindupindu ndani ya saa 48, na asipofika, sababu iandikwe na ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kijiji. Nne, majibu ya maabara yarudishwe kwa zahanati iliyotoa sampuli. Yetu tuliyasikia redioni. Tano, barua aliyoandikiwa muuguzi ifutwe, na aandikiwe nyingine ya shukrani.

Sikuombi rambirambi, kwa kuwa wakati wake umepita. Wala siombi afukuzwe mtu, kwani atakayekuja baada yake ataikuta kanuni ileile ya kungoja, naye atangoja. Naomba jibu la maandishi kwa kila moja kati ya mambo hayo matano, lisomwe katika Baraza lilelile lililosomewa sifa, na lisomwe kabla ya mvua za vuli, kwa sababu kingo za kisima hazijajengwa, pampu haijatengenezwa, na mamia ya watu wa mashariki bado wanateka papo hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya zahanati, na ndugu wa marehemu.