Pikipiki Isimamishwe Wapi?

Waheshimiwa wanachama,

Kila msimu wa karafuu twakumbushana juu ya kamba, ngazi na matawi ya mikarafuu, na ni wajibu wetu kukumbushana. Lakini ipo khatari nyingine iliyo chini ya mti, nayo hatuitaji. Ni zile pikipiki zinazokuja kuchukua magunia, zikaachwa popote: juu ya mizizi, juu ya udongo uliolowa, au ukingoni mwa mtaro.

Pikipiki ya cc 125 au 150 hupita uzito wa kilo 100 kabla haijapakiwa kitu. Ikitiwa gunia, uzito huzidi juu, na chombo huwa chepesi kupinduka. Na karibu yake ndipo wanapokaa akina mama wakichambua karafuu na makonyo, na ndipo watoto wanapocheza. Hata ikimkosa mtu ikaangukia jamvi, petroli ikamwagika, ni nani atakayezinunua karafuu zinazonuka petroli?

Wako wanaosema kuwa hiyo ni kazi ya dereva, sisi yatuhusu nini? Hatukubaliani nao. Dereva akijua chombo chake, mwenye shamba ndiye ajuaye ardhi yake, wapi pagumu na wapi panadidimia. Pemba yetu ni vilima na mabonde. Mahala pa sawa hapapatikani ila kwa kutengenezwa. Kwa hivyo rai yetu ni kuwa kila mwanachama atengeneze, kabla ya kuanza kuchuma, mahala pamoja pa kusimamisha pikipiki, mbali na majamvi. Urefu wa hatua 3 na upana wa hatua 2 watosha. Pashindiliwe vizuri, na liwekwe jiwe bapa la kuegemezea stendi. Ni kazi ya jembe na asubuhi moja.

Na dereva naye ana yake. Kwenye mteremko, pikipiki ielekezwe juu, izimwe, na iachwe katika gia ya kwanza. Ikielekea chini huweza kusogea mbele, na stendi ya pembeni ikajikunja. Tena atazame upande wa kushoto, kwenye stendi. Ardhi ikiinuka upande huo, pikipiki husimama wima mno, na kwa kuguswa kidogo tu huangukia kulia. Ikiinama upande huo, hulala mno juu ya stendi. Stendi ya kati ni ya mahala pa sawa na pagumu tu. Usukani ukunjwe kushoto. Na wakati wa kupakia au kushusha gunia, mtu mmoja aishike pikipiki na mwingine ashughulike na mzigo. Pikipiki yenye mzigo isiachwe peke yake.

Sote tulisomeshwa chuoni khabari ya yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, naye Mtume (S.A.W.) akamwambia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Yaliyo juu ya ngamia ni juu ya pikipiki pia.

Basi msimu usitukute bado twasema "tutafanya". Anayepita shamba kwa mwenzake asipaone mahala hapo, amkumbushe kwa wema.

Wassalaam,
Katibu