Programu ya bure ina mwenyewe: Funzo kutoka kesi ya vigarimoshi

NI vigumu kuamini kwamba mojawapo ya hukumu muhimu zaidi kuhusu programu za kompyuta zinazotolewa bure ilitokana na uraibu wa watu wazima wanaoendesha vigarimoshi vya mfano majumbani mwao. Hata hivyo, ndivyo ilivyokuwa Marekani mnamo Agosti 13, 2008, na uamuzi huo ungali na uzito kwa kila anayeunda programu, awe California au Nairobi.

Kigarimoshi cha kisasa hubeba kidude cha elektroniki kiitwacho dekoda, ambacho hupokea amri kupitia reli na kutawala kasi, taa na mlio. Kila kampuni inapotoa dekoda mpya, mnunuzi hulazimika kujua ni nambari gani inayotawala nini. Kundi la watu waliojitolea, wakiongozwa na mwanafizikia Robert Jacobsen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilikusanya maelezo hayo katika faili na kuzitoa bure pamoja na programu yao, JMRI. Leseni iliruhusu kunakili na kubadilisha, mradi majina ya waandishi na ilani ya hakimiliki vibaki, na mabadiliko yaelezwe.

Upande wa pili alikuwako Matthew Katzer, mfanyabiashara wa Oregon aliyeuza programu ya aina iyo hiyo. Akitegemea hataza aliyokuwa nayo, Katzer alidai alipwe zaidi ya dola 200,000. Machi 2006, Jacobsen alikwenda kortini kulipinga dai hilo. Baadaye ikabainika kuwa programu ya Katzer yenyewe ilikuwa na faili zilizotoka JMRI, majina ya waandishi yakiwa yameondolewa. Aliyedai akageuka mdaiwa.

Mnamo 2007, jaji wa mahakama ya chini aliamua kwamba kukiuka leseni hiyo kulikuwa kuvunja mkataba tu, wala si kukiuka hakimiliki. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Katika kesi ya mkataba, mlalamishi huulizwa amepoteza pesa ngapi. Je, aliyetoa jasho lake bure atajibu nini? Hakimiliki humpa nguvu ya kuomba korti imzuie mkosaji.

Mahakama ya rufaa ilibatilisha uamuzi huo. Ilisema kwamba masharti ya leseni ndiyo mipaka ya ruhusa yenyewe, na anayeyapuuza huwa ametumia kazi ya mwenzake bila idhini. Isitoshe, ilitambua kwamba mwandishi aweza kunufaika bila kupokea hata senti: hupata sifa, na kazi yake huboreshwa na wengine.

Hata hivyo, ushindi haukuwa kamili. Kesi iliporejeshwa chini, jaji alikataa tena, Januari 2009, kutoa amri ya muda ya kumzuia Katzer. Mzozo ulimalizwa kwa maelewano Februari 2010, Katzer akikubali kulipa dola 100,000 na kutonakili tena faili hizo. Karibu miaka minne ilikuwa imepita. Si kila mtunzi ana subira wala uwezo huo.

Sisi tunahusikaje? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ya Kenya huzihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi. Ushahidi, jukwaa lililoundwa na Wakenya Januari 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi, lilitolewa kwa ulimwengu kwa njia hii ya leseni huria. Hukumu ya Marekani haizifungi korti zetu, lakini hoja yake yafaa kuzingatiwa na vijana wetu wanaotoa kazi zao, na hata zaidi na wale wanaozichukua za wengine bila kusoma masharti.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jacobsen na wenzake hawakuuza chochote, lakini daftari walikuwa nalo.